Goti Lililokataa Kunyooka

Kama unasoma haya umekaa kwenye benchi la pansema, pale wanapofunga vidonda, mguu umefungwa kitambaa, na jirani yako amekutazama kisha akasogea kidogo, sogea na wewe umfuate. Mimi nilifanya hivyo. Harufu ya kidonda si dhambi, na benchi ni la wote.

Naitwa Ramazani. Shule niliiacha mapema, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu dirisha la darasa letu lilitazama barabara ya Kabambare, na kila lori lililopita nilitaka kujua linakwenda wapi. Nikaenda kujua. Nimesukuma baiskeli za mawese, nimeuza betri, nimetengeneza moteri za mitumbwi, nimechimba dhahabu Salamabila. Kabla ya dhahabu nilikaa Bukavu, nikitunza mashua za hoteli moja kando ya ziwa. Ya Bukavu nitayarudia.

Ugonjwa ulinianza Salamabila, nyuma ya goti la kushoto. Ulikuwa uvimbe mdogo kama punje ya kunde, chini ya ngozi, hauumi. Hiyo ndiyo hila yake. Machimboni kitu kisichouma hakipewi nafasi, na mimi niliendelea kusimama majini na karai langu. Siku niliyovua suruali nikaona kitambaa kimelowa, ngozi ilikuwa imekwisha funguka, na kidole changu kiliingia ndani bila mimi kusikia kitu. Wenzangu walisema nimetupiwa dawa na mtu. Walitaka nimtafute mtu huyo. Nikawauliza, nikimpata, yeye ndiye atakayenifunga pansema? Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, tukalala Lusangi, kesho yake nikafika Kasongo kwa dada yangu, mguu nimeunyoosha pembeni kama mpini wa jembe. Nakumbuka vizuri kwamba siku ile ulikuwa bado unanyooka.

Dada yangu mkubwa ni Zaina. Namwita Yaya. Ndiye aliyebaki katika nyumba ya mama, anashona nguo, na mji mzima unajua ulimi wake. Alinifungulia mlango, akaangalia mguu, hakulia. Alichemsha maji. Asubuhi tulikuwa hospitalini.

Pale waliuita ugonjwa huo Buruli. Sitaeleza unatoka wapi, sikuelewa, na nadhani hata wao wanabishana. Nitakueleza yale ambayo hakuna aliyenieleza mimi. Vidonge vitafanya mkojo wako uwe mwekundu kama mawese. Mimi mara ya kwanza nilipiga kelele chooni, nikidhani natoka damu, na mzee mmoja wa Kabambare aliyekuwa anangoja zamu nje akanijibu kwa utulivu, "Hata mie, mwanangu. Tunakojoa mawese ya wazungu." Tena utakuja kuwajua waganga wa pansema kwa mikono yao. Yuko anayevuta kitambaa kikiwa kikavu, na ngozi mpya inatoka nacho. Yuko anayemwaga maji ya chumvi, akangoja, akakuuliza habari za kwenu mpaka kitambaa kilegee chenyewe. Mngoje huyo wa pili, hata kama zamu yako itapita.

Vidonge vilikwisha mvua za kwanza zikianza kugonga mabati. Halafu walichukua ngozi pajani wakaipandikiza nyuma ya goti. Paja liliniuma kuliko kidonda chenyewe. Nililala hospitalini, mguu umefunikwa, na hapo ndipo mto ulipoingia.

Katika nyumba za zamani za Kasongo, nyumba yetu ikiwamo, kuna mto wa mgonjwa. Si mto wa kila siku. Wetu mama alijaza sufi kwa mikono yake akiwa na mimba ya Yaya, na tangu hapo kila aliyeugua katika ukoo ameulalia. Baba alifia juu yake. Kumnyima mgonjwa mto huo ni kumwambia kwamba si wa nyumba. Yaya aliuleta hospitalini kichwani, ameufunika kitenge, na kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kizima, aliuweka pale palipouma, chini ya goti.

Nikasikia raha. Sitasema uongo. Goti lililopinda juu ya sufi haliumi. Goti lililonyooshwa linaita mababu.

Mtu wa mazoezi ya viungo alikuwa mwanamke mfupi kutoka Kindu. Hospitali nzima ilimwita Kine. Alikuja asubuhi, akauchomoa mto, akauweka dirishani, akaufunga mguu wangu kwenye ubao ili unyooke. Aliuliza nani anayeweka kitu hiki. Nikamwambia ni dada yangu.

"Mwambie anakupenda," alisema Kine, "lakini anakupindisha."

Nilimwambia. Ningekuwa na busara ningenyamaza. Jioni Yaya alifungua ubao, akarudisha mto, akamngoja Kine mlangoni.

"Weye, kwenu Kindu wagonjwa wanalalia nini? Mawe?"

"Wanalalia mito, mama. Chini ya kichwa."

"Huu mama yetu aliujaza. Baba yetu alikufa juu yake."

"Basi mwachie huyu asife juu yake," akasema Kine, akaingia kunifunga tena.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mvua zile, Kine akitoa na Yaya akirudisha, na mimi katikati nikijua nani ana haki na nikimshukuru mwingine kila alipofungua kamba. Ngozi ilishika. Kidonda kilifunga, safi, kinang'aa kama sahani. Lakini goti lilikuwa limelala limepinda mpaka likasahau njia ya kurudi. Nilipojaribu kusimama, kisigino kilining'inia hewani. Kwa hiyo wewe uliye kwenye benchi, mto weka chini ya kichwa. Hata kama ni wa mama yako.

Mvua zikiwa katikati, daktari aliyenipasua alituita: mimi, Yaya, na mjomba Amisi, kaka wa mama, mwenye duka sokoni na neno la mwisho katika ukoo. Tulingoja kwenye korido asubuhi nzima. Daktari alikuwa mtu mpole, hakuficha kitu. Alisema mguu umepona lakini haufanyi kazi. Nitarukaruka na gongo, kovu litavutika, linaweza kufunguka tena. Wako watu waliochagua kukatwa juu ya goti na kuvaa mguu wa kutengenezwa, na wanatembea vizuri kuliko mimi. Alisema nifikiri.

Mjomba hakuhitaji kufikiri. "Kata, dokta. Huyu mutoto hajakaa pahali pamoja tangu azaliwe. Miye nitamupa kiti dukani, atakaa kama watu."

Yaya alitazama sakafu. Nikaona kwamba hata yeye alikuwa tayari. Nikaona kiti chenyewe, nyuma ya magunia ya sukari, na mimi nimekaa juu yake mpaka wanifukie.

"Mujomba," nikasema, "unataka wakate mguu, ao wakate safari?"

Daktari alicheka kidogo, akajirudi. Akaniambia hakuna anayekatwa mguu bila kutaka. "Lakini usiutunze kwa ubishi tu. Rudi kiangazi. Unionyeshe huo mguu unakufanyia nini. Usipokufanyia kitu, tutazungumza tena."

Nilikubali. Nilijua pia kwamba kiangazi kingefika nikiwa sina la kumwonyesha.

Kiti cha dukani nilikikalia hata hivyo, kwa kukosa pengine. Wateja waliniuliza hali yangu kwa kumuuliza mjomba, kama vile mtu anavyouliza bei ya kitu kilichopo rafuni. "Huyu anaendeleaje?" Mjomba alijibu, "Tunangoja kiangazi." Nilisikia hivyo mara nyingi mpaka nikaanza kuamini kwamba kiangazi ni kisu. Siku moja mteja aliuliza, nikajibu mwenyewe kwamba naendelea kwenda Nyangwe, nikatoka na gongo langu, nikaita moto.

Nyangwe, kando ya mto Lualaba, alikuwako Papa Sefu, mwenye mtumbwi wa moteri unaovusha watu na mizigo siku za soko. Moteri yake niliwahi kuitengeneza mara nyingi, na mikono yangu ilikuwa mizima. Yaya alikataa kuniaga. Lakini moto ilipowashwa alitoka mbio, akaufunga mto wa mama mgongoni mwangu kwa kitenge, kama mtu anayembebesha mwenzake mtoto, akarudi ndani.

Nilikaa ukingoni nikifungua kabureta na kuwatazama wapiga makasia wa Nyangwe. Wao hawaketi. Husimama kwenye mtumbwi, mmoja nyuma ya mwingine, na hupiga makasia marefu, mto mzima wa Lualaba ukipita chini yao. Nimewaona tangu utotoni. Lakini sikuwa nimewahi kuwatazama nikiwa na goti bovu. Nikaanza kutazama miguu yao tu. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha goti. Mawimbi ya moteri yalipopita, magoti yao yalishuka na kupanda, na vichwa vilibaki palepale. Mgeni mmoja, mfanyabiashara wa chumvi, alisimama wima kama nguzo ya mnara. Alikwenda majini na kofia yake.

Nikamwomba Papa Sefu mtumbwi mdogo. Nilishika ukingo kwa mikono, nikapanda, nikasimama. Mguu wa kulia ulilazimika kupinda. Wa kushoto ulikuwa umepinda tayari. Nikawa sawa pande zote. Kwa mara ya kwanza tangu mvua za kwanza, visigino vyangu vyote viwili vilikuwa chini, na gongo lilikuwa mchangani, mbali.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Bukavu.

Kule hotelini wageni walivutwa na mashua kwa kamba, wamesimama juu ya maji wamevaa mbao miguuni. Walianza na mbao mbili, kila mguu na wake. Waliojua zaidi walivaa ubao mmoja, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma yake, wakapita kati ya maboya kwa kupinda huku na huku, na maji yakiruka kama ukuta. Huo mtindo wa ubao mmoja waliuita slalomu. Alfajiri, wageni wakiwa wamelala, fundi wa mashua alinivuta mimi, na nilijifunza mpaka ubao mmoja. Halafu nikasikia habari za dhahabu, nikaondoka, nikasahau. Lakini neno moja la fundi lilikuwa halijaondoka. Kila nilipoanguka alipiga kelele ileile: magoti, magoti, ukinyoosha umekufa.

Nilimweleza Papa Sefu: anivute kwa moteri yake, mimi nimesimama juu ya ubao. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama vidonge bado ninavyo, maana huenda nilipaswa kuendelea navyo. Lakini ni mtu anayependa moteri yake isifiwe, na nilipomwambia kwamba huenda haina nguvu ya kumwinua mtu, alikasirika, akasema inainua hata mkwewe.

Ubao niliupata kwenye mtumbwi mkuukuu uliokuwa unaoza mchangani. Pua ya mtumbwi imepinda kwenda juu, na mti wake ni mgumu na mwepesi. Nilikata kipande kutoka puani kwenda nyuma, nikakichonga kwa tezo mpaka kikafika unene wa vidole viwili, nikakipaka mafuta. Chini nilipachika kipande cha bati kama pezi. Mahali pa miguu nilipigilia mpira wa ndani wa gurudumu la lori, na ule wa nyuma niliupima kwa mguu wangu wa kushoto, jinsi ulivyo, bila kuuomba ubadilike.

Kikabaki kitu kimoja. Papa Sefu alikataa kunivuta bila kitu cha kunifanya nielee. Kuhusu mamba alicheka tu, akasema mahali hapa wavuvi wanawajua kwa majina, na tena mamba atachagua mguu mzuri. Lakini kuzama hapana. "Miye siwezi kueleza yaya yako," alisema, na akamtumia Yaya habari kwa mtu wa moto bila kuniuliza.

Yaya alifika mwenyewe. Mvua zilikuwa zinaisha, vumbi la kwanza lilikuwa kwenye nguo zake. Alinikuta nimesimama kwenye mtumbwi. Aliniangalia muda mrefu, visigino kwanza. Nilingoja matusi.

"Utazama?" aliuliza.

"Nikikosa kitu cha kuelea, ndiyo."

Aliingia katika chumba nilichopewa kwa Papa Sefu, akatoka na mto. Aliketi kwenye ukingo wa mtumbwi mkuukuu, akauweka mapajani, akauchunguza mshono wa mama. Sufi haizami, hilo kila mtu wa mtoni anajua. Akauma uzi kwa meno, akaufungua.

Nilimwambia aache, tutatafuta bidoni, dumu tupu la kuelea.

"Mama alisema huu mto usitoke kwa mugonjwa," alisema. "Hakusema usikatwe."

Aligawa sufi katika vifuko vya plastiki, akavishonea ndani ya kizibao cha gunia, viwili kifuani na viwili mgongoni. Alishona hadi mchana. Aliponivika alikaza kamba kwa nguvu mpaka nikakohoa. Hajawahi kuniomba radhi kwa ajili ya goti, nami sijawahi kuhitaji. Kizibao kile ninacho.

Siku ya kwanza nilikunywa Lualaba. Papa Sefu alishusha mizigo yote, akafungua moteri hadi mwisho, kamba ikakazika, na mimi nikaenda chini kama nanga. Mara ya pili kamba ilinitoka. Mara nyingine ubao ulikwenda peke yake. Ilikuwa siku ya soko, na watu wa moteri, waliokuwa wameegesha wakingoja soko livunjike, walikaa juu ya magunia yao wakitoa ushauri. Mmoja aliuliza kama navua samaki kwa mwili. Mwingine alisema nimekuwa sabuni. Walinipa jina, Bwana Goti, na mimi nikawajibu kutoka majini kwamba goti hili angalau limeloa, ya kwao yamekauka kwa uvivu.

Kuondoka majini mtu hujikunja, magoti kifuani, ubao mbele, na huacha mashua imwinue. Kosa la kila mtu ni kutaka kusimama haraka. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unafanya kosa hilo. Nikauambia umwige mwenzake. Kamba ikavuta, maji yakanipiga usoni, nikabaki nimejikunja, nimejikunja, halafu uzito ukaondoka na kelele ya maji ikabadilika, ikawa mluzi. Nilikuwa juu.

Sikujua kama nalia, uso ulikuwa umelowa tayari. Nilipita mbele ya magunia yao, nimeinama kama mpiga kasia, mguu wa kushoto nyuma, umepinda vilevile Kine alivyouchukia. Hakuna aliyenipa ushauri.

Soko lililofuata wakaanza kuuliza. Kwanza kwa dharau, kama ubao una dawa. Halafu yule aliyeniita sabuni alivua shati. Mtu mwenye kifua na miguu kama nguzo. Akanyoosha magoti, akaanguka. Akaanguka tena. Vijana wa Kasongo ambao Ijumaa baada ya sala hukodi mtumbwi kuzunguka tu na muziki, wakaja kumcheka, wakabaki kujaribu. Wote waliharibiwa na miguu yao mizima. Nilifunga bidoni za njano kwa kamba na mawe, safu moja, ili wajue kwamba kusimama ni mwanzo tu, kazi ni kupita kati yake. Na nilipotaka kuwafundisha sikuwa na haja ya maneno mengi. Nilipandisha suruali, nikawaonyesha kovu na goti. Fanyeni hivi. Siku hizi Papa Sefu akimwona mtu anaanguka, hupiga kelele kutoka kwenye moteri, "Weka Ramazani! Weka Ramazani!" na mtu hupinda.

Kiangazi kilipokolea, mjomba Amisi alikuja kunichukua twende kwa daktari. Alivaa kanzu safi, kama mtu anayekwenda kusimamia jambo. Papa Sefu alimweka nyuma ya mtumbwi, akitazama kwangu, kazi yake ikiwa kuinua mkono nikianguka. Nilipita kati ya bidoni, kushoto, kulia, kushoto. Mkono wake haukuinuka. Aliporudi ukingoni kanzu ilikuwa imelowa hadi kifuani, na akaita moto twende Kasongo.

Tulingoja kwenye benchi lilelile. Niliweka ubao wangu ukutani, na mwanamke aliyekuwa na mtoto mwenye mkono uliofungwa aliuliza ni wa nini. Nilimweleza mpaka tukaitwa. Daktari alishika kovu, akalivuta huku na huku. Halikufunguka. Kine naye alikuwapo. Alijaribu kunyoosha goti, lilisogea kidogo kuliko zamani, kidogo tu, akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo," daktari akasema, "mguu unakufanyia nini?"

Nilifungua mdomo. Mjomba akanitangulia.

"Dokta, huu mguu iko na kazi." Alisita, kama mtu anayetoa kitu mfukoni asichotaka kukitoa. "Miye nimeona. Usikate."

"Na kiti cha dukani?"

"Nitatafuta mutu mwingine wa kukaa," alisema mjomba. "Huyu atanivunjia kiti."

Bado natembea na gongo. Barabarani bado wako wanaonihurumia, na nawaacha, huruma haiondoi mtu ngozi. Kine amenipa mazoezi, nayafanya kila asubuhi, kwa kuwa alikuwa na haki na kwa kuwa ningependa kupanda baiskeli tena. Lakini Ijumaa, jua likianza kupoa, mitumbwi ya moteri hujipanga Nyangwe, na wenye miguu mizima hukaa mchangani wakingoja zamu ya ubao. Ni benchi kama lile la pansema. Nao pia hutazamana, husogea.

Nikimaliza, natundika kizibao kwenye kamba kikauke. Yaya akiwapo hukigeuza upande wa pili, hukigongagonga kwa kiganja sufi isigandamane, kama alivyokuwa akiugongagonga mto kabla ya kuuweka chini ya goti langu. Halafu hunitazama mguuni na kuuliza kama unauma.

Unauma, namwambia. Fungua kamba za kizibao, nivike, narudi majini.